Kutoka Namba hadi Kibainishi: Historia ya "an" na "a" katika Kiingereza na Kanuni Iliyopinduliwa

Ikisiri

Kanuni ya kutumia kibainishi kisodhahiri cha Kiingereza hufundishwa kana kwamba "a" ndilo umbo la asili na "an" ni umbo lililoongezewa konsonanti kwa ajili ya wepesi wa matamshi. Makala haya yanaonyesha kwamba historia ya lugha hiyo inasema kinyume: "an" ndilo umbo kongwe, lililotokana na neno la hesabu lenye maana ya "moja", na "a" ni mabaki yake baada ya konsonanti ya mwisho kudondoshwa. Makala yanafuatilia safari ya neno hilo tangu Kiingereza cha Kale, yanachunguza athari zake katika mipaka ya maneno, na yanalinganisha maelezo ya Samuel Johnson (1755) na yale ya Robert Lowth (1762) na Lindley Murray (1795). Hatimaye yanajadili matumizi ya "-moja" katika Kiswahili kwa kutumia mkabala wa usarufishaji. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimepiga hatua ya mwanzo ya njia ileile iliyopitiwa na Kiingereza, na kwamba ufundishaji unaozingatia jambo hilo unaweza kubainisha mahali hasa panapomtatiza mjifunzaji.

1.0 Utangulizi

Katika madarasa ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, somo la kibainishi kisodhahiri kwa kawaida huanza na kanuni fupi: neno linaloanza na konsonanti hutanguliwa na "a", na neno linaloanza na irabu hutanguliwa na "an". Mwanafunzi huorodheshewa irabu tano, akapewa mifano kama "a book" (kitabu) na "an egg" (yai), kisha akaambiwa afanye zoezi. Zoezi hilo halifiki mbali kabla hajaandika "an university" na "a hour". Mwalimu humsahihisha kwa kumwambia kwamba maneno hayo hayafuati kanuni, na mwanafunzi huyaongeza katika orodha ya mambo ya kukariri.

Kanuni hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza inafahamika na ni rahisi kurekebisha: kinachoamua umbo la kibainishi ni sauti, si herufi. "University" huanza kwa kiyeyusho kile kile kinachosikika mwanzoni mwa neno la Kiswahili "yai", ilhali "hour" huanza kwa irabu kwa kuwa herufi "h" haitamkwi. Kwa kipimo cha sauti, maneno hayo mawili yanaifuata kanuni kikamilifu. Kasoro ya pili haionekani upesi. Kanuni inamfanya mjifunzaji aamini kwamba lugha ina kibainishi "a", na kwamba mbele ya irabu kibainishi hicho huongezewa "n" ili kuzuia irabu mbili zisigongane. Maelezo hayo yanatoa jibu sahihi katika zoezi, lakini yanapindua historia. Hakuna "n" iliyoongezwa. Kilichotokea ni kudondoshwa kwa "n" iliyokuwapo.

Huenda ikaonekana kwamba suala hili linawahusu wanahistoria wa Kiingereza peke yao, kwani anayezungumza vizuri leo hahitaji kujua yaliyotokea karne ya 12. Hata hivyo, namna kanuni inavyoelezwa huathiri namna mjifunzaji anavyokielewa kitu chenyewe. Aliyefundishwa kwamba "a" ni silabi tupu inayobandikwa mbele ya nomino hana njia ya kutambua kwamba silabi hiyo ni namba moja iliyochakaa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu lugha yake inaitumia namba hiyohiyo kwa kazi inayokaribiana sana na ya kibainishi. Katika makala haya, istilahi "kibainishi kisodhahiri" inarejelea neno linaloambatana na nomino kuonyesha kwamba kirejelewa chake hakijatambulishwa kwa msikilizaji, au kwamba hakuna kirejelewa mahususi kinachokusudiwa.

2.0 "Ān" kabla ya kuwa kibainishi

Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, hakikuwa na kibainishi kisodhahiri. Nomino iliyotajwa kwa mara ya kwanza iliweza kusimama peke yake, kama inavyosimama katika Kiswahili. Neno "ān" lilikuwapo, lakini lilikuwa neno la hesabu lenye maana ya "moja". Lilikuwa na irabu ndefu, lilichukua mkazo, na lilinyambuliwa kwa kufuata jinsi na uhusika wa nomino. Umbo lake la kiume la kutajia lilikuwa "ān". La yambwa lilikuwa "ānne" au "ænne". La umilikishi lilikuwa "ānes". Na la yambwa tendewa lilikuwa "ānum". Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na neno la hesabu linalobadilika kwa kuifuata nomino, kwani "mtu mmoja", "kiti kimoja" na "siku moja" zinaonyesha upatanisho wa aina hiyo, ingawa msingi wake ni ngeli wala si jinsi na uhusika.

Msimuliaji wa Kiingereza cha Kale alipotaka kuonyesha kwamba anamzungumzia mtu mahususi ambaye hadhira haijamjua, aliweza kutumia neno "sum". Katika muktadha huo "sum" lilikaribiana na "fulani" la Kiswahili: msemaji anajua anayemsema, au anajifanya anajua, na msikilizaji anaombwa ampokee mhusika huyo bila kuuliza zaidi. Neno hilo ndilo lililozaa "some" ya leo. Kwa upande mwingine, ukitambulisho wa jambo lililokwisha kutajwa ulibebwa na kionyeshi "se" pamoja na maumbo yake ya kike "sēo" na ya kati "þæt". Kutokana na mfumo huo ndipo kilipozaliwa kibainishi dhahiri "the".

Mpangilio huu unalandana kwa karibu na usimulizi wa Kiswahili. Hadithi huanza kwa kusema palikuwa na mfalme mmoja, na sentensi inayofuata humwita mfalme huyo au mfalme yule. "Mmoja" humwingiza mhusika, na kionyeshi humshika asipotee. Katika mwanzo wa hadithi hiyo hakuna anayehesabu wafalme. Msikilizaji haelewi kwamba walikuwa mmoja badala ya wawili. Anaelewa kwamba ameletewa mtu mpya ambaye habari zake zinafuata.

Ushindani kati ya "sum" na "ān" katika kazi ya kumtambulisha mhusika ulianza ndani ya kipindi cha Kiingereza cha Kale chenyewe, na "ān" likapata nguvu kadiri kipindi hicho kilivyoelekea ukingoni. Kumbukumbu za Mwaka za Peterborough, zilizoendelea kuandikwa hadi habari za mwaka 1154, zinaonyesha neno hilo likitumika kuingiza watu na vitu vipya katika masimulizi bila ya kusisitiza idadi. Jambo muhimu ni kwamba matumizi hayo hayakuenea kila mahali kwa wakati mmoja. Nomino ya kiarifu, yaani ile inayotaja aina au kazi ya mtu, iliendelea kukaa bila kibainishi. Mtu alisemwa kuwa "mfalme mwema" au "mtu mwenye hekima" bila neno lolote mbele yake. Hoja hii inarejewa katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha Kiingereza cha leo na Kiswahili.

3.0 Mkazo uliogawanya neno moja kuwa matatu

Neno linapopewa kazi ya kisarufi hupoteza mkazo, na linapopoteza mkazo hupungua umbo. Hilo ndilo lililotokea kwa "ān". Pale lilipoendelea kuhesabu, lilibaki na mkazo na irabu yake ndefu. Irabu hiyo ilibadilika katika kusini na kati ya Uingereza kutoka "ā" kuwa "ō", na hatimaye likapatikana neno "one". Matamshi yake ya leo, yanayoanza na kiyeyusho "w", yalitokana na lahaja za magharibi na kusini-magharibi kabla ya kukubalika katika Kiingereza sanifu. Ushahidi wa matamshi ya zamani umehifadhiwa katika maneno yaliyoundwa kutokana na neno hilo: "only" (tu, pekee), "alone" (peke yake) na "atone" (kulipia kosa, kwa asili "kuwa kitu kimoja"). Yote matatu yana "one" ndani yake, na hakuna hata moja linalotamkwa kwa "w".

Pale neno lilipotumika kutambulisha, halikuwa na mkazo. Irabu yake ilifupishwa kabla ya badiliko la "ā" kuwa "ō" kuifikia, na viambishi vyake vya jinsi na uhusika vikatoweka pamoja na kuporomoka kwa mfumo mzima wa unyambuaji katika Kiingereza cha Kati. Kilichobaki ni "an". Kuanzia karne ya 12 konsonanti ya mwisho ilianza kudondoshwa mbele ya maneno yanayoanza na konsonanti, na ikahifadhiwa mbele ya irabu. Hivyo "a" ikazaliwa.

Udondoshaji huo haukuwa wa neno hili peke yake. Vimilikishi "mine" na "thine" vilipoteza "n" katika mazingira yaleyale na kuzaa "my" na "thy", na "none" ilizaa "no" kwa njia hiyohiyo. Kwa karne kadhaa Kiingereza kilisema "mine uncle" lakini "my father". Tofauti ni kwamba katika vimilikishi umbo fupi lilienea hadi mbele ya irabu, na umbo refu likaachiwa nafasi ya kusimama bila nomino. Katika kibainishi, maumbo yote mawili yalidumu, yakigawana mazingira ya kifonolojia. Kwa istilahi za leo, "a" na "an" ni alomofu za mofimu moja, na historia inaonyesha kwamba umbo la msingi ni lile lenye konsonanti.

Mgawanyo huo pia haukuwa wa lazima. Waandishi wa Kiskoti cha karne za 15 na 16 walizoea kuandika "ane" kwa kazi ya namba na kwa kazi ya kibainishi, mbele ya irabu na mbele ya konsonanti. Tamthilia ya David Lindsay ijulikanayo kama "Ane Satyre of the Thrie Estaitis" imebeba desturi hiyo katika jina lake, ambamo "ane" inatangulia neno linaloanza na "s". Lugha mbili zilizotoka katika shina moja ziliandika kibainishi kimoja kwa njia mbili. Kwa hiyo kanuni ya "a" na "an" ni tokeo la historia mahususi, na si sheria iliyolazimishwa na maumbile ya kinywa.

4.0 Mpaka wa neno uliohama

Ushahidi mzito kwamba "n" ilikuwa mali ya kibainishi, na kwamba wazungumzaji walipata shida kuamua mahali pa kuiweka, umo katika maneno ambayo mpaka wake ulihama. Katika mazungumzo hakuna nafasi tupu kati ya neno na neno. Anayesikia mfululizo wa sauti "anadder" hana namna ya kujua kwa sikio kama "n" inamaliza neno la kwanza au inaanza la pili.

Nyoka ambaye leo huitwa "adder" aliitwa "nǣdre" katika Kiingereza cha Kale, na Kijerumani bado kinahifadhi "n" hiyo katika neno "Natter". Wazungumzaji wa Kiingereza cha Kati walilichanganua "a nadder" upya kuwa "an adder", na nyoka akapoteza konsonanti yake. Kekee ya seremala iitwayo "auger" ilikuwa "nafogār", neno lililoundwa kwa "nafu" (kitovu cha gurudumu) na "gār" (mkuki). "Apron", vazi la kukinga nguo wakati wa kazi, liliingia kutoka Kifaransa likiwa "napron". Shina lake bado lina "n" katika "napkin" (kitambaa cha mezani). "Umpire" (mwamuzi) ilikuwa "noumpere", kwa asili mtu asiye na mwenzi, yaani wa tatu asiyeelemea upande wowote.

Uhamaji ulikwenda pia upande wa pili. Mnyama mdogo wa majini anayefanana na mjusi aliitwa "ewt"; "an ewt" ikawa "a newt". "Ekename" lilikuwa jina la nyongeza, kwa kuwa "eke" ilimaanisha kuongeza. "An ekename" ikazaa "nickname" (jina la utani). Mara nyingi "orange" (chungwa) huwekwa katika orodha hii, na hapo tahadhari inahitajika. Neno hilo lilikuwa na "n" katika Kiarabu, "nāranj", na Kihispania kimeihifadhi katika "naranja". Lakini "n" hiyo ilikwisha kupotea katika lugha za Kirumi kabla neno halijafika Uingereza. Kibainishi cha Kiingereza hakikuhusika.

Msomaji wa isimu ya Kiswahili anaifahamu tabia hii kwa mifano ya nyumbani. Neno la Kiarabu "kitāb" lina mzizi wa konsonanti tatu, na "k" ni sehemu ya mzizi huo. Waswahili walisikia "ki-" kama kiambishi cha ngeli, wakaunda wingi "vitabu". Neno la Kiingereza lililorejelea kinga ya tope ya gurudumu lilisikika kuwa wingi, "madigadi", na umoja wake ukawa "digadi". Kibao cha barabarani kilichowaamuru madereva washike upande wa kushoto kilizaa "kiplefti", wingi "viplefti". Aidha, kibainishi dhahiri cha Kiarabu kimeganda ndani ya "Alhamisi", "alfajiri" na "alasiri" bila mzungumzaji wa kawaida kukitambua.

Mifano hiyo haifanani kwa kila kipengele. Katika Kiswahili kinachovuta mpaka ni mfumo wa ngeli, wenye nguvu ya kuipa karibu kila nomino umoja na wingi wake. Katika Kiingereza kilichovuta ni utata wa konsonanti moja iliyopo mara na kukosekana mara. Kinachofanana ni kanuni ya msingi: wazungumzaji huigawa sauti wanayoisikia kwa kufuata sarufi wanayoijua. Laiti "n" ingekuwa sauti ya kuziba pengo tu, isiyo na hadhi ya kuwa sehemu ya neno, ingekuwa vigumu kueleza ilivyopata nguvu ya kunyang'anya maneno mengine konsonanti zao.

5.0 Johnson, Lowth na Murray

Mwaka 1755 Samuel Johnson alichapisha kamusi yake ya Kiingereza, ikiwa na sarufi fupi katika kurasa za utangulizi. Maelezo yake kuhusu kibainishi yanastahili kuzingatiwa. Johnson alilichukua "an" kuwa umbo la asili, akalihusisha na neno la Kisaksoni lenye maana ya moja, na akalilinganisha na "ein" ya Kijerumani na "un" ya Kifaransa. Kuhusu "a", alieleza kwamba ni matokeo ya kukatwa kwa "n" mbele ya konsonanti kutokana na kasi ya usemaji. Katika kamusi yenyewe alirudia kwamba "a" ni ufupisho wa "an". Alitaja pia kwamba wanasarufi wa kizazi kilichotangulia waliagiza "an" itumike mbele ya "h", na akahitimisha kwamba Waingereza wa zamani waliitamka sauti hiyo kwa nguvu ndogo kuliko watu wa wakati wake.

Hitimisho hilo linafafanua maumbo ambayo wasomaji wa maandishi ya zamani hukutana nayo. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ina "an hundred" (mia) na "an house" (nyumba), kwa kuwa "n" ilichelewa kudondoka mbele ya "h". Mabishano ya leo kuhusu "an historical" ni mkia wa jambo hilohilo. Katika maandishi ya karne ya 18 hupatikana pia "an union" na "an useful". Waandishi hao hawakuwa wazembe. Sauti ya mwanzo ya maneno hayo ilikuwa irabu unganifu kabla sehemu yake ya kwanza haijageuka kiyeyusho, na maandishi yalikawia kuifuata sauti. Mwanafunzi anayeandika "an university" hivi leo anarudia, bila kujua, umbo lililokubalika zamani.

Miaka saba baada ya Johnson, Robert Lowth alitoa utangulizi wake mfupi wa sarufi ya Kiingereza (1762). Katika kitabu hicho vibainishi ni viwili, "a" na "the", na "a" ndiyo inayogeuka kuwa "an" mbele ya irabu na mbele ya "h" isiyotamkwa. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, aliifuata kauli hiyo kwa karibu sana katika sarufi yake ya mwaka 1795. Kitabu cha Murray kilichapishwa mara nyingi na kutumiwa shuleni Uingereza na Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Kwa njia hiyo kauli ya Lowth ikawa kanuni ya darasani, na maelezo ya Johnson yakabaki katika vitabu vya marejeo.

Haifai kumhukumu Lowth kwa haraka. Lengo lake lilikuwa kumpa msomaji mwongozo wa matumizi, na kwa lengo hilo kuanza na umbo linalotokea mara nyingi zaidi kuna mantiki, kwani nomino nyingi za Kiingereza huanza na konsonanti. Kasoro imo katika kitenzi. Kusema kwamba "a" inageuka kuwa "an" ni kutumia lugha ya mabadiliko kueleza mgawanyo wa maumbo, na msomaji asiyeonywa huichukua kauli hiyo kuwa historia. Kilichokuwa njia ya mkato ya ufundishaji kimepata hadhi ya ukweli wa asili ya neno.

Kanuni hiyo ina pengo jingine. Katika "twice a day" (mara mbili kwa siku), "a" haikutokana na "ān" hata kidogo. Ilitokana na kihusishi "on", kilichopungua umbo hadi kikafanana na kibainishi, kama kilivyopungua katika "asleep" (usingizini) na "afoot" (kwa miguu). Baadaye wazungumzaji walikisikia kuwa kibainishi, na kwa mfano huo wakaunda semi za bei na vipimo kwa kila kitu kimoja. Sarufi inayoianza "a" kama silabi isiyo na asili haiwezi kuzitenga asili hizo mbili.

6.0 Njia ya "moja" na nafasi ya Kiswahili

Mabadiliko ya neno la hesabu kuwa kibainishi si upekee wa Kiingereza. Yametokea katika Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kituruki, miongoni mwa lugha nyingine. Givón (1981) alionyesha kwamba namba moja huelekea kuwa alama ya kirejelewa mahususi kisichojulikana kwa msikilizaji. Heine (1997) alipanga safari hiyo katika hatua tano. Katika hatua ya kwanza neno ni namba tu. Katika ya pili linaingiza mhusika mpya ambaye mazungumzo yataendelea kumhusu. Katika ya tatu linaashiria kirejelewa chochote mahususi kisichojulikana kwa msikilizaji, hata kama hakitatajwa tena. Katika ya nne linatumika pia pasipo na kirejelewa mahususi. Katika ya tano linaweza kuambatana na nomino za aina zote, hata za wingi, kama "unos" ya Kihispania. Kiingereza kimefika hatua ya nne: "a" haikubali wingi, jambo linalodhihirisha kwamba uzito wa namba haujaisha ndani yake.

Kiswahili kiko katika hatua ya pili. "Palikuwa na mfalme mmoja" ni utambulisho kamili. "Siku moja" ya masimulizi haihesabu siku. Lakini mtu akisema "Nataka kununua gari moja", msikilizaji atafikiria kwanza idadi. Na mtu akiulizwa kazi ya dada yake, atajibu "Yeye ni mwalimu". Akijibu "Yeye ni mwalimu mmoja", ataeleweka kuwa anahesabu, au anaanza kisa chenye kejeli. Katika nafasi ya kiarifu, Kiswahili cha leo kinafanya kilekile kilichofanywa na Kiingereza cha Kale.

Mtazamo huu unabadilisha sura ya ulinganishi. Sarufi za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiingereza, tangu ya Steere ya mwaka 1870 hadi ya Ashton ya mwaka 1944, zililenga wasomaji ambao kwao kibainishi kilikuwa jambo la kawaida. Kwa msomaji wa aina hiyo, nomino ya Kiswahili huonekana imekosa kitu. Historia inapendekeza swali jingine: lugha hii inatambulishaje mhusika mpya, na neno lake la utambulisho limesafiri umbali gani kutoka kwenye hesabu? Kwa swali hilo, "mmoja", "fulani" na "yule" huonekana kama mfumo. Hakuna sababu ya kudai kwamba Kiswahili lazima kitafika hatua ya tatu au ya nne. Lugha inaweza kukaa katika hatua ya pili karne nyingi na isipungukiwe na chochote.

Kwa mwalimu wa Kiingereza, mgawanyo wa hatua unatoa mpango wa somo. Mjifunzaji Mswahili anaweza kuanzia anakokujua: pale ambapo hadithi ya Kiswahili ingesema "mmoja", Kiingereza kitahitaji "a" au "an". Baada ya hapo apelekwe kwenye nafasi ambazo Kiswahili hakisemi "mmoja" ilhali Kiingereza kinadai kibainishi, hususan nomino ya kiarifu. Sentensi kama "She is teacher" haitokani na uzembe. Mjifunzaji ametafsiri kwa uaminifu sarufi ambayo haijafika hatua ya nne. Mwisho aonywe kuhusu kuhesabika. Kiswahili huruhusu "habari moja" na "ushauri mmoja", lakini "information" na "advice" hazikubali "an", kwa kuwa Kiingereza huzichukulia kama maji au mchanga. Kipimo cha "mmoja" kinasaidia, ila hakiondoi haja ya kujifunza jinsi kila lugha inavyokata mipaka ya vitu vinavyohesabika.

Uchaguzi kati ya "a" na "an" ufuate baada ya hayo, kwa kutumia sikio. Hapo kanuni ya kuelezwa ni fupi: neno ni "an", na "n" hunyamaza mbele ya sauti ya konsonanti. Kwa kauli hiyo "an hour" na "a university" hazihitaji orodha ya pekee.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kibainishi kisodhahiri cha Kiingereza ni namba moja iliyopoteza mkazo, kisha viambishi, kisha konsonanti katika baadhi ya mazingira. Maneno kama "adder", "apron" na "newt", maumbo ya zamani mbele ya "h" na "u", na ulinganifu na "mine" na "my" vyote vinathibitisha mwelekeo huo. Johnson aliueleza kwa usahihi mwaka 1755. Kauli iliyoenea kupitia Lowth na Murray iliugeuza, si kwa kutojua matumizi, bali kwa kuchagua mahali pa kuanzia panapofaa orodha ya kanuni.

Kurejesha mwelekeo sahihi kunasaidia mambo mawili. Mwalimu anapata kanuni inayosikika na isiyohitaji hekaya ya "n" iliyoongezwa. Mtafiti wa Kiswahili naye anapata msingi wa kuchunguza "-moja" kama kipashio kilicho safarini, badala ya kukitaja kwa kupita katika sura ya namba. Uchunguzi wa matumizi ya "-moja" katika matini za usimulizi, magazeti na mazungumzo ya kila siku, katika lahaja mbalimbali za Kiswahili, unahitajika ili kubaini kama kuna mazingira ambamo neno hilo limekwisha kuvuka hatua ya pili.